Waipa na Kijiko cha Nyakio

Katika shule yetu ya bweni kule Ndabibi, taa huzimwa saa tatu. Wenzangu husali na kulala. Mimi, Jerotich, kwanza nabingirisha kichwa juu ya mto, kulia, kushoto, kulia, mpaka usingizi unichukue. Nimefanya hivyo tangu utotoni. Nyakio, kiranja wa bweni, aliniita Waipa, kama ile ifutayo mvua kwenye kioo cha gari, nami nikacheka.

Kisha Nyakio akasikia habari za kifafa, na kwamba mgonjwa hutiwa kijiko mdomoni. Usiku mmoja niliamka na kijiko kinywani. Nilidhani naota uji. Nyakio alikuwa amenikaba taya, akinisihi nisife. Nilitaka kumjibu, lakini nani huzungumza na kijiko kooni? Ufizi ukatoka damu.

Asubuhi Matroni Cherop aliandika daftarini: "Alitikisika. Hakuweza kusema. Alitoka damu mdomoni." Kila neno lilikuwa kweli, na yote yalikuwa makosa.

Nikahamishiwa chumba cha wagonjwa, kikafungwa kwa kufuli nisije nikaangukia nje. Sahani yangu ikatengwa. Mpira niliutazama kupitia wavu wa dirisha. Nikigonga mlango, naambiwa ugonjwa umepanda. Nikinyamaza, naambiwa umenilegeza. Mwalimu mkuu aliamua kwamba Ijumaa nirudi nyumbani, na nisije tena shuleni.

Alhamisi mama alikuja shuleni, akanipeleka kwa Daktari Kamande, Naivasha. Matroni alikuja na daftari lake, pamoja na video aliyonipiga nikianza kusinzia mchana. Ndani yake kichwa kilikwenda huku na huku. Akaniita. Kikasimama, nami nikaitika, "Naam, Matroni."

Daktari aliirudia mara tatu, kisha akauliza damu ilitoka wapi. Nikamweleza habari za kijiko, na za kufuli na sahani pia.

"Huyu anajibembeleza alale," akasema. "Ukimwita anaacha na kukujibu vizuri. Mwenye kifafa akishikwa, mara nyingi hakusikii, na baadaye hubaki amechanganyikiwa. Mambo yakibadilika, mrudi."

"Na kama ingekuwa kifafa?" Matroni akauliza.

"Ungemlaza kwa ubavu, uondoe vya kumwumiza, uangalie saa. Zikipita dakika tano, ita msaada. Mdomoni usitie kitu. Wala kifafa hakiambukizi, kwa hivyo kumtengea sahani ni kwa nini?"

Jioni ile mwalimu mkuu alifuta uamuzi wake, nami nikarudi bwenini. Matroni alituita sote, akasoma maandishi yake kwa sauti, akayakata kwa kalamu.

"Niliandika nilichoogopa, sikuuliza kilichotokea," akasema. "Kabla hamjampa mtu ugonjwa, mtazameni na mumuulize. Na akiwa mgonjwa kweli, kaeni naye. Msimfungie."