Dakika Thelathini za Dada

Nyumbani kwetu kulikuwa na mchezo ambao hakuna aliyekumbuka ulianza lini. Dada akianza kusema neno, sisi wengine tunalimalizia. Dada ana kigugumizi. Maneno humkwama, na sisi tulikuwa watu wa huruma, kwa hiyo tulimkimbilia.

Mama ni fundi cherehani. Aliweza kumalizia sentensi ya Dada akiwa na pini tano mdomoni. Baba hutengeneza redio, na alimalizia bila kuinua kichwa. Mimi nilikuwa bingwa wa nyumba, ingawa nakiri kwa unyenyekevu kwamba nusu ya maneno niliyompa yalikuwa ya uongo. Akianza kuomba kitana, namletea kikaango, nimekibeba kwa mikono miwili kwa heshima zote. Alicheka. Mara nyingi alicheka.

Likizo ile niliporudi kutoka shule ya bweni, hakuna aliyecheka. Dada alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea ufamasia. Mitihani yote ya kuandika alikuwa amefaulu, tena vizuri. Aliangushwa na mtihani mmoja wa kuzungumza. Humo mwalimu hujifanya mgonjwa, na mwanafunzi humweleza dawa: ni ya nini, inamezwaje, mara ngapi. Maswali ni matano kwa dakika kumi na tano. Kengele ililia Dada akiwa kwenye swali la pili. Alikuwa anayajua yote matano.

Ilibaki nafasi moja ya kurudia. Akianguka tena, anaondoka chuoni.

Familia ilikaa kikao. Baba alishauri ahamie somo lisilo na maneno mengi. Mama alishauri apumzike mwaka mzima. Mimi nilishauri ayaimbe majibu, kwa sababu Dada hakwami anapoimba, nikatumwa nje kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Dada mwenyewe hakushauri kitu. Hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi moja jirani yetu alileta suruali irefushwe. Tunamwita Mlingoti, na ukimwona hutauliza kwa nini. Tulijua anafanya kazi kwenye chuo cha Dada. Tulidhani anabadilisha balbu, maana hahitaji ngazi. Kumbe alikuwa ofisa katika ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu.

Mama akiwa anampima, Mlingoti alimuuliza Dada masomo yanaendaje. Baba akajibu kwamba ni magumu. Mama akajibu kwamba kuna mtihani umekataa. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Nimemuuliza yeye," Mlingoti alisema taratibu.

Kisha akangoja. Sijawahi kumwona mtu mzima akingoja namna ile. Hakutazama saa. Hakumtikisia kichwa kumharakisha. Alisimama tu, mguu mmoja wa suruali umekunjwa, kama mtu aliyeletwa duniani kwa kazi hiyo.

Dada alichukua muda. Lakini alifika. "Majibu ninayajua. Muda ndio haunitoshi."

Mlingoti alimuuliza kama aliwahi kuomba muda wa ziada. Dada alisema hapana. Yeye anatembea, anaona, anasikia. Aliona ofisi ile si ya watu kama yeye, na hakutaka kuonewa huruma.

"Mwanangu, mtihani ule unapima kama unaijua dawa," Mlingoti alisema. "Haupimi mbio za ulimi. Maswali yatakuwa yaleyale na alama zilezile. Muda tu ndio utaongezeka. Huo si upendeleo, ni haki yako, na kanuni za chuo zinasema hivyo."

Akatueleza hatua kwa hatua. Kwanza, Dada aende hospitali kwa mtaalamu wa matatizo ya kuzungumza, apate barua. Pili, apeleke barua ofisini na kujaza fomu. Afanye hivyo wiki kadhaa kabla ya mtihani, si asubuhi ya mtihani. Kila chuo kina utaratibu wake, kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema. Alisema kuna mwanafunzi asiyeona anayesomewa maswali na kompyuta. Kuna asiyesikia anayekaa darasani na mkalimani wa lugha ya alama. Kuna ambaye vidole vyake havishiki kalamu, naye hupewa mtu wa kumwandikia, anayeandika kile tu anachoambiwa. Mama alisahau kabisa kwamba ana pini mdomoni.

Kisha Mlingoti akatugeukia sisi watatu. Alisema chuo kitafanya sehemu yake, lakini Dada hawezi kujifunza kumaliza sentensi katika nyumba ambayo kila mtu anamnyang'anya.

Barua ilipatikana baada ya safari mbili za hospitali. Fomu ilijazwa. Chuo kilimpa Dada dakika thelathini, na watahini wakaandikiwa wasimmalizie maneno.

Nyumbani tulianza mazoezi. Cherehani ilikuwa kaunta. Mama alikuwa mgonjwa. Baba na mimi tulikuwa foleni. Sheria ilikuwa moja: hakuna kummalizia neno. Siku ya kwanza Baba aliivunja kabla ya dakika moja kuisha. Mimi nilitafuna kola ya shati mpaka kifungo kikang'oka. Bwenini nimewahi kuadhibiwa kwa kunyamazishwa, lakini adhabu ile ilikuwa mapumziko ukilinganisha na hii.

Siku ya nne tulinyamaza kweli, na tukasikia. Baba na Mama walikuwa wameishi naye miaka ishirini na mbili, na hawakuwahi kusikia mwisho wa sentensi zake. Zilikuwa ndefu na zimenyooka. Alieleza dawa ya presha mpaka mimi, mtu mwenye afya, nikatamani kuimeza. Alipomaliza, aliendelea.

"Halafu mimi sipendi chai," alisema. "Miaka yote nyinyi ndio mnaniagizia."

Baba aliweka kikombe chake chini polepole.

Kwenye mtihani alitumia dakika ishirini na sita. Alijibu maswali yote matano. Alifaulu.

Muhula uliofuata Dada na wenzake walipelekwa mazoezini, kwenye dirisha la dawa la hospitali. Nikiwa likizo tena, nilikwenda kuchukua dawa ya kikohozi ya Baba, nikasimama kwenye foleni. Mbele yangu alikuwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo. Dada alimwonyesha kidonge na kuanza kumweleza. Alipofika kwenye "mara", akakwama.

Nyuma yangu kulikuwa na mtu mwenye haraka zake. "Mara mbili, mzee," akasema.

Mzee aligeuka. "Bwana, dawa hii naimeza mimi. Tulia."

Tukangoja, foleni nzima. Nilisikia feni ikizunguka. Dada alimtazama mzee usoni na hakujiharakisha.

"Mara moja," alisema. "Mara moja tu kwa siku. Ukimeza mara mbili, presha itashuka na utaanguka."

Mzee aliyarudia maneno yale yote, moja baada ya jingine, mpaka Dada akaitikia kwamba ni sawa. Yule wa nyuma yangu alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimekuja na utani tayari, utani mzuri sana, na sikuutoa.

Dada akamwita anayefuata. Nilikuwa mimi. Nikasogea dirishani, nikanyamaza, nikasubiri anieleze.