Kidole cha Mwalimu Wadudu

Jumamosi hiyo ilianza vizuri kabisa: chai, jua la asubuhi, kamera shingoni. Wanafunzi walikuwa wamembandika jina la Mwalimu Wadudu, naye alilipenda. Alikuwa anakwenda kwenye kijisitu nyuma ya shule kupiga picha arobaini, ili Jumatatu amwonyeshe mkuu wa shule kwamba watoto wanaweza kujifunzia huko. Mkuu alikuwa amekataa kwa sababu ya maneno ya mlinzi.

"Mwalimu, mle kuna kitu kinaiga watu," mlinzi alimnong'oneza getini.

"Kikiniiga mimi kitajuta, kaka. Nina madaftari tisini ya kusahihisha."

Akaingia. Kawaida yake ilikuwa kulaza rula kando ya kila mdudu ili picha ionyeshe ukubwa wake. Leo rula aliisahau mezani, basi akatumia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kilekile anachobonyeza kwenye mashine ya mahudhurio kila asubuhi. Akampiga picha kifaurongo, akampiga vunjajungu, akampiga kiwavi mwenye manyoya. Raha ikamkolea hadi akasahau saa.

Picha ya kumi na tisa ilikuwa ya mende. Akaikagua kwenye kioo cha kamera. Mende katikati. Kushoto, kidole chake. Kulia, kidole kingine.

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Hata nyenje walikuwa wamenyamaza.

Picha ya ishirini, kidole kile kilikuwa karibu zaidi. Hakikuwa na mistari, laini kama ganda la yai. Ya ishirini na moja, mistari ilianza kutokea. Na kovu dogo la kisu, kama lake.

Akarudi nyuma hatua moja. Lakini akikimbia, nani atawafungulia watoto kijisitu tena?

"Sitoki," akanong'ona. "Bado picha kumi na tisa."

Akazipiga zote, kidole chini kila mara.

Jumatatu mashine ilikataa kidole chake. Akajaribu tena. Ikakataa. Akakitazama kwenye mwanga: laini, bila mstari, bila kovu.

"Lakini mwalimu, si umeshaingia?" karani akashangaa, akimwonyesha. "Saa kumi na mbili na robo."

Saa hiyo geti lilikuwa bado limefungwa.

Ofisini kwake, madaftari yote tisini yalikuwa yamesahihishwa. Mwandiko ulikuwa wake. Akaketi, akayapitia moja moja, jasho likimtoka. Katika daftari la mwisho mtoto ameandika kwamba mende ana miguu minane, na kando yake pamewekwa alama ya vema.

Hapo hasira ikaishinda hofu. Akaikata ile vema, akaandika: KOSA. MIGUU SITA. ANDIKA MARA KUMI.

"Kidole umechukua," akaiambia ofisi tupu. "Darasa langu hulipati ng'o."

Akafunga mlango kwa ufunguo, akazipeleka picha kwa mkuu. Mkuu akazitazama zote arobaini, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatia saini ruhusa. Hakuona cha ajabu. Kila picha ilikuwa na mdudu mmoja na kidole kimoja, upande wa kulia.

Mwalimu akarudi, ufunguo mkononi. Lile daftari lilikuwa wazi juu ya meza. Chini ya maandishi yake palikuwa na mistari kumi, kwa mwandiko wake, wino bado mbichi: Mende ana miguu sita.