Figa la Nyanzala

Zama zile misafara ya pembe ikipita Ulonge kwa ngoma na kengele, na mzigo mmoja wa chumvi ukibadilishwa kwa ng'ombe, nchi hiyo ilikuwa ya Mtemi Kasanda, mvaa ngozi ya chui na kombe jeupe la pwani kifuani. Hivyo ndivyo wageni walivyojua. Wenyeji wa bomani walijua kwamba mtawala ni Nyanzala, mke wake wa tatu, na kwamba alitawala akiwa amekaa kigodani, jikoni.

Chanzo kilikuwa mapenzi. Kasanda alikuwa mtu wa safari. Akikaa mwezi mmoja, hutoweka mitano. Nyanzala akachoka kulala na ngao ya ukutani. Akamwendea mganga Shoma, akasema, "Nataka asitoke tena jikoni kwangu." Shoma akatoboa figa moja kati ya yale matatu ya jikoni kwake, akatia mzizi, vumbi la wayo wa mtemi na nywele zake saba, akaziba kwa nta.

Kweli, Kasanda hakutoka tena. Alikaa kando ya moto akilitazama lile figa, jicho halipepesi. Akiwekewa ugali alikula; akiwekewa kaa la moto, alikula pia. Goti lake liliungua hadi likanuka, asisogee. Wazee walipoleta mashauri, Nyanzala alitikisa kichwa, naye Kasanda akatikisa chake. Ikapita miaka minne hivyo.

Ndipo Nkinda wa Igosha alipokuja na magobore themanini, akalizingira boma na kukikalia kisima kilichokuwa nje. Siku ya tisa, jua la utosi, maji yaliyobaki bomani yalikuwa ya kulowesha ndimi za watoto tu. Mtu mmoja wa Nkinda akasogea karibu na ua wa magogo.

"Kitendawili!"

Mzee mmoja ndani, kwa mazoea tu, akajibu, "Tega."

"Nyumba ina jogoo, lakini kila alfajiri anayewika ni mtetea."

Vicheko vikavuma huko nje.

Jemadari Mihayo akaingia jikoni, midomo imempasuka kwa kiu. "Mama, mikuki tunayo. Lakini desturi unaijua: hapigani mtu kabla mtemi hajavuka lango. Watu wangu hawatasogea."

Nyanzala akamshika mumewe mkono. "Twende, bwana wangu." Kasanda akafuata hadi mlangoni, kisha akarudi, kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Nyanzala akasimama uani, akamwita kwa jina la utotoni. Hata shingo hakugeuza.

Shoma, ambaye naye alikuwa amekimbilia bomani, akaitwa.

"Mbona hanifuati mimi?"

"Uliniagiza asitoke jikoni. Kupendwa hukuniagiza, mwanangu, na mkobani mwangu hakumo."

Nyanzala akacheka kidogo, kama mtu aliyepigwa kofi akajua linamstahili. "Kumbe kinachomvuta ni jiwe."

"Ni jiwe."

Mihayo akatambua anachowaza Nyanzala. "Mama, usilibebe. Mwanamke akilivusha figa lake mlangoni, amejitoa katika ndoa. Hakuna mzee atakayekurudisha."

"Una kiu, Mihayo?"

"Ninayo."

"Basi kafungue lango."

Akakunja kaniki kuwa kata, akajitwika figa likiwa bado la moto. Nywele zake zikanuka. Nyuma yake Kasanda akainuka, magoti yakimlia, na Mihayo akamtia mkuki mkononi.

Wakavuka lango. Magobore yakalia kwa pamoja. Risasi moja ikachana kanga ya bega la Nyanzala, asipunguze mwendo. Gobore likishalia huhitaji muda kushindiliwa tena, na muda huo watu wa Nkinda hawakuupata. Kila aliyesimama kati ya Kasanda na lile jiwe alichomwa mkuki, bila hasira, kama mtu afyekaye majani njiani. Nao watu wa Ulonge waliona jambo moja tu: mtemi amevuka. Wakamiminika kwa vigelegele na ngao za nyati, na kabla jua halijainama Nkinda alikuwa akikimbia bila viatu vyake.

Kisimani wazee wakamzunguka Nyanzala. "Mama, lirudishe jikoni. Sisi hatukuona kitu. Tawala tu."

Nyanzala alimtazama Kasanda. Mumewe alikuwa ameshalikumbatia figa pale lilipotuliwa, shavu juu ya jiwe la moto, ngozi ikitoa moshi, uso umetulia kama wa mtoto aliye kwenye titi.

"Mihayo, nipe shoka."

Wakamvuta Kasanda kando, wanaume sita. Nyanzala akalipiga figa mara tatu. Lilipopasuka, zile nywele saba zilikuwa zimeota humo ndani, nyevunyevu, zikamwagika kama utumbo. Akazichoma zote.

Kasanda akakohoa majivu. Macho yake yakapepesa.

"Hivi ni vita vya nani?"

"Ni vyako. Umeshinda."

Kasanda akamgeukia. "Nawe ni mke wa nani?"

"Si wa mtu," Nyanzala akasema. Akanywa kwa viganja, akajaza kibuyu, akashika njia ya magharibi. Mihayo peke yake alimpigia magoti.

Wapiga zeze wakatunga sifa za mtemi aliyetangulia wote kuvuka lango. Nyanzala alizisikia miaka mingi baadaye katika soko la chumvi la ugenini. Akawasahihisha jina la jemadari, maana walilikosea, akachukua chumvi yake akaenda zake.