Springi Ngumu na Mgongo wa Mama

Kila Jumanne nilimpeleka Mama hospitali kwa gari langu, yeye akikaa kiti cha nyuma. Ugonjwa ulikuwa umemla mifupa ya mgongo. Mimi ni seremala, na gari lilelile hubeba mbao. Lilikuwa likididimia nyuma, basi nikafunga springi ngumu, zile za magari ya mizigo. Likasimama sawasawa, na kwenye kona halikuyumba hata kidogo. Nikajisifu mtaa mzima. Mama naye akaniitikia kila safari, "Gari zuri, mwanangu."

Siku moja dada yangu aliniita pembeni. Akaniambia kwamba Mama hulia kila tukirudi, maana kila shimo humchoma mgongoni. Niliona aibu ya kufa mtu. Miezi miwili namtesa mzazi wangu, huku napiga domo!

Nikaenda kwa jirani yetu, fundi wa magari, nikamwambia anifungie springi laini kuliko zote. Akatikisa kichwa.

"Usitoke huku ukarukia kule, ndugu yangu. Gari laini mno huyumba kwenye kona, na ukishika breki linainama mbele. Mama atatapika, na wewe utashindwa kulimudu."

Aliniuliza napita barabara gani, nabeba nani, mzigo kiasi gani. Kisha akaligandamiza gari kwa nyuma, akaliachia. Likarukaruka. Akanieleza kuwa springi hubeba uzito, na shokapu huituliza isiendelee kuruka. Shokapu zangu za zamani hazikuziweza springi zile. Viwili hivyo lazima viendane. Akafunga springi za kiwango cha gari langu na shokapu mpya zinazolingana nazo. Akapunguza upepo wa matairi, maana niliujaza kupita kiasi. Kwa mbao nzito, akasema, nikodi mkokoteni.

Jumanne iliyofuata Mama alisinzia njia nzima, na kwenye kona gari lilinitii. Tulipofika nyumbani nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa umelifurahia mno," alisema. "Ningeanzaje?"

Tulisafiri hivyo mara mbili tu. Jumanne ya tatu Mama alikuwa ametutoka. Watu huniambia nishukuru, angalau nilimpunguzia maumivu. Nashukuru. Lakini zile Jumanne nane za mwanzo siwezi kuzirudisha. Wewe mwenye gari, kabla hujamwambia fundi unachotaka, muulize anayekaa kiti cha nyuma. Akisema ni zuri, muulize tena.