Mbegu za Karatasi za Darasa la Nne

Kipangachuma kilichomoka mawinguni juu ya jiji la Mbeya, kikateketeza kitu angani kwa mwali mwembamba, kikapanda tena kabla watu waliokuwa sokoni hawajainua vichwa. Hakuna aliyeshtuka. Kwa miaka tisa vipangachuma, mitambo ya kuruka isiyoongozwa na mtu, vilikuwa vikiwinda nzichuma, yaani vijidege vya adui vilivyobeba sumu ya kuua mazao. Adui alikuwa mjanja. Aliziunda nzichuma zifanane na mbegu zinazopeperushwa na upepo, ili zitue mashambani bila kushukiwa.

Aliyevifundisha vipangachuma kuutambua ujanja huo ni mhandisi Atupele Mwasaga. Sheria aliyoviandikia ilikuwa fupi: kinachoruka kama kitu cha asili na si cha asili, ni adui, kiteketezwe, kisha atafutwe aliyekirusha. Alipostaafu alijitolea kufundisha sayansi kila Alhamisi katika shule ya msingi ya mtaani kwake. Sheria ile hakuiwaza tena.

Alhamisi moja asubuhi alikwenda darasa la nne na mbegu ya mninga, duara kavu jepesi lenye bawa pande zote. Aliiachia kutoka juu ya meza. Ikashuka taratibu, ikiyumba.

"Mwalimu, mbona haianguki kama jiwe?" aliuliza Lusubilo, msichana wa dawati la mbele.

"Kwa sababu bawa linaisukuma hewa, na hewa nayo inalisukuma bawa. Mti hauwezi kutembea, mwanangu. Watoto wake inabidi waruke."

Watoto walikata maduara ya karatasi, wakabandika tonge dogo la udongo katikati na kukunja kingo kidogo ili yazunguke. Walipomaliza, Atupele aliwapeleka kwenye varanda ya ghorofani. Wakahesabu hadi tatu kwa sauti moja, wakarusha. Upepo wa mlimani ukayainua maduara, yakatapakaa juu ya uwanja, na watoto wakapiga kelele za furaha.

Ndipo Atupele aliposikia mvumo.

Aliujua mvumo ule kuliko mtu yeyote nchini. Kipangachuma kilipita juu ya paa, na karatasi ya kwanza ikageuka moshi. Kisha ya pili, kisha kumi kwa mpigo. Majivu yakaanza kuwadondokea watoto kichwani. Walipiga makofi, wakidhani ni mchezo. Karatasi ya mwisho ilipoteketea, mtambo ukasimama hewani na kuugeuza uso wake kuelekea varandani, polepole, kana kwamba unawahesabu.

Atupele alibonyeza simu yake ya mkononi. Kijana aliyemrithi kazini, Ambakisye, alipokea.

"Shikamoo mama."

"Kizuie kipanga kilicho juu ya shule! Hawa ni watoto!"

"Mama, hatuna namna. Kitufe cha kusitisha kiliondolewa."

"Nani alikiondoa?"

"Ni wewe, mama. Ulisema binadamu tunachelewa kuamua."

Atupele aliwageukia watoto. "Laleni chini wote! Mwenye karatasi anipe!"

Watoto sasa walikuwa wakilia. Lusubilo alikuwa ameikumbatia yake kifuani. "Hii bado sijairusha, Mwalimu." Atupele aliivuta mikononi mwake, akaokota vipande vingine vilivyobaki sakafuni, akateremka ngazi mbio hadi katikati ya uwanja. Alikuwa ameuandika kwa mkono wake mpangilio wa yale yatakayofuata: kwanza kinachoruka, kisha mrushaji wa mwisho.

Akarusha zote juu.

Mwali ulipita mara moja tu.

Atupele alizinduka hospitalini bila mkono wa kulia. Hakuna mtoto aliyeumia. Siku iliyofuata, saa tisa alasiri, Ambakisye alikuja na kumbukumbu za mtambo, akakaa kwenye kiti bila kuinua macho.

"Kabla ya jana, sheria yangu ilimpata mrushaji mara ngapi?" Atupele aliuliza.

"Mara tano. Zote vijijini. Taarifa ziliandikwa 'adui amedhibitiwa', basi. Hakuna aliyetumwa kwenda kuangalia."

"Mtambo hupima kimo cha mrushaji. Nisomee."

"Mama, pumzika kwanza."

"Nisomee, Ambakisye."

Ambakisye alifungua kumbukumbu. "Wa kwanza, sentimita mia moja na kumi na mbili. Wa pili, mia moja na nne. Wa tatu..." Akajifuta uso kwa kiganja. "Wa tatu, tisini na nane."

Atupele alifumba macho.

"Wameizima sheria?" aliuliza.

"Bado. Baraza la ulinzi litaijadili Jumatatu."

"Leo ni Ijumaa."

"Najua, mama."

Nje, chini ya dirisha, watoto walikuwa wanatoka shule.