Mstari wa Mlangoni kwa Mwoka Mikate

Mwoka mikate alishinda na penseli sikioni. Ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, kuandika oda za wateja. Ya pili, mara moja kwa mwaka, kumpima bintiye kimo kwenye mwimo wa mlango wa duka.

Siku ambayo binti alitimiza miaka tisa, alisimama pale, visigino vimegusa mbao. Baba akachora mstari. Ukaangukia pale pale ulipokuwa mstari wa mwaka jana.

"Umejikunja wewe. Hebu nyooka."

"Nimenyooka, baba. Nikizidisha nitakatika."

Alikuwa mwembamba hadi mtaani wakamwita Njiti. Tumbo tu ndilo lililojaa. Lilimuuma, aliharisha mara kwa mara, na wenzake wakianza kucheza yeye ameshachoka.

"Hilo ni tumbo la ukoo," alisema shangazi yake, akipanga mikate kwenye rafu. "Babu alikuwa nalo, mimi ninalo. Mtu wa kwetu utamjua kwa tumbo." Alisema kama anayesifia shamba la urithi.

Baba naye alikuwa na dawa moja tu: mkate. Kila asubuhi alimkatia Njiti kipande cha pembeni, chenye ganda nene, cha mkate wa kwanza kutoka tanurini. Mtoto alivyozidi kukonda, ndivyo kipande kilivyozidi unene.

Asubuhi hiyo dukani alikuwepo jirani yao, mpimaji wa damu kwenye maabara ya hospitali. Wote walimwita Mama Maabara. Aliutazama mstari, akamtazama Njiti.

"Baba Njiti, mtoto umempeleka hospitali?"

"Amepewa dawa za minyoo mara tatu. Kama ilikuwepo, imeshahama mtaa."

"Basi mlete apimwe damu. Kuna ugonjwa unaitwa siliaki. Kwenye ngano na shayiri kuna kitu kinachofanya unga uliokandwa uvutike. Kinaitwa gluteni. Mwenye siliaki akikila, mwili unashambulia utumbo wake wenyewe. Chakula kinapita tu, hakijengi."

Mwoka mikate akaweka kisu chini. "Mkate wangu umelea mtaa mzima, Mama Maabara. Halafu huo si ugonjwa wa Wazungu?"

"Hata madaktari waliwahi kudhani hivyo. Walipima Ulaya, wakaukuta Ulaya. Walipoanza kupima kwingine, wakaukuta India, Uarabuni, mpaka Afrika ya Kaskazini. Duniani kote, katika watu mia moja, karibu mmoja anao. Kuna jamii wamezidi, kuna jamii wamepungua. Watoto wa Sahara Magharibi walipopimwa, watano hivi katika mia walikuwa nao. Na wengi hawajui, maana hawajapimwa."

"Na sisi je?"

"Sisi hatujapima vya kutosha kujua. Tena unatembea kwenye familia. Mmoja akiwa nao, katika kila kumi wa karibu yake, wazazi, watoto au ndugu wa tumbo moja, mmoja hivi naye anao."

Shangazi akaacha kupanga mikate.

Baba akanyoosha mkono kumnyang'anya Njiti kipande chake. Mama Maabara akamzuia. "Mwache ale mpaka apimwe. Ukimwachisha sasa, kipimo kinaweza kudanganya."

Damu ilipimwa. Kisha daktari akauchungulia utumbo kwa mpira mwembamba wenye kamera. Ilikuwa siliaki kweli.

Mwoka mikate alikaa kwenye benchi la hospitali, akiitazama mikono yake. "Kumbe nilikuwa namlisha ugonjwa mwenyewe."

"Ulimpa kizuri ulichokuwa nacho," Mama Maabara akamwambia. "Sasa jifunze kingine. Fundi ni wewe."

Akajifunza. Alioka mkate wa unga wa mchele na mahindi. Wa kwanza ulitoka mgumu kama tofali. "Huu tuzuilie mlango, baba," Njiti akasema. Wa kumi uliumuka vizuri. Lakini tumbo likaendelea kuuma.

Mama Maabara alikuja, akapitisha kidole kwenye rafu ya duka. Kikatoka cheupe. "Unga wa ngano umetanda humu. Hata chembe ikiingia kwenye mkate wake, inamdhuru."

Tangu siku hiyo mkate wa Njiti uliokwa nyumbani, kwa unga usiochanganyika na ngano, kwa chekeche na bati lake peke yake. Kila alipotoka kazini, baba alioga na kubadili nguo kwanza, ndipo akamkumbatia.

Shangazi naye akapimwa. Anao. "Kumbe shamba la urithi lenyewe ndilo hili," akasema, akaomba kipande cha mkate wa Njiti. Baba alipimwa, hana.

Mwaka ukapita. Njiti akasimama mlangoni, upande wa nje usio na unga, mashavu yamejaa. Penseli ikatoka sikioni. Mstari mpya ulikaa vidole vinne juu ya ule wa zamani.

"Mnitafutie jina lingine," Njiti akasema.

Foleni ya wateja ilikuwa ndefu. Mwoka mikate hakuwa na haraka. Siku hiyo kila mteja alioneshwa mstari wa mlangoni kwanza, ndipo akapewa mkate.