Siku Ambazo Baba Hakupima

Ijumaa ile Bi Mwajuma aliwaombea dua marehemu wake wote kama kawaida yake, akamruka mmoja.

Bintiye Mwanaheri alikuwa uani akipepeta maharage. Aliisikia sauti ya mama yake ikipita kwa bibi mzaa baba, kwa shangazi wa Vuga, kwa mumewe marehemu mzee Bakari, kisha "Amin." Rashidi hakutajwa. Rashidi, kifungua mimba wa nyumba ile, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka saba, na ambaye kwa miaka thelathini na mitano hakuwahi kukosa Ijumaa yake!

"Mama, umemsahau Rashidi."

"Rashidi yupi? Huyu muuza kabichi? Si mzima huyo?"

"Mama! Rashidi mwanao."

Bi Mwajuma akamtazama bintiye kwa huruma, kana kwamba ndiye mgonjwa. "Wewe ndiye mtoto wangu wa kwanza, Mwanaheri. Una nini leo?"

Mwanaheri akajisemea kuwa ni uzee. Angeendelea kujisemea hivyo, kama chumba cha mbele kisingekuwa kinanuka mvua. Mnaijua harufu ya vumbi linapopigwa na matone ya kwanza? Hiyo. Na nje jua lilikuwa kali, vuli imegoma, kijiji kizima cha Kwai kinatazama juu.

Sasa mwenye kutaka kubisha asubiri nimalize, maana wabishi wa siku hizi hawana hata adabu ya kusikia kwanza.

Mzee Bakari alipewa kazi ya kupima mvua shambani Kwai enzi za wazungu. Wazungu wakaondoka, shamba likawa la serikali, kisha serikali nayo ikatangaza kwamba inauza. Katika yote hayo hakuna aliyekumbuka kumwambia Bakari aache, naye hakuacha. Kila siku saa tatu asubuhi alikwenda kwenye kipima mvua, akamimina maji katika bilauri yenye mistari, akasoma, akaandika. Alipokufa, Mwanaheri akaendelea. Madaftari yalikuwa manane, miaka arobaini na moja, na ndani yake uongo haukuwamo hata wa nukta moja. Siku ambayo mzee hakwenda, aliandika hivyo hivyo: *Sikupima*, na sababu. Na sababu ilikuwa moja tu siku zote. *Sikupima. Nimemzika mama. Sikupima. Nimemzika mwanangu Rashidi.* "Mvua usiyoipima usiiandike," alikuwa akisema. "Mungu anayo hesabu yake."

Mwaka ule wa tisini na nane wakaja watu wa mradi wa umwagiliaji. Walikuwa na mfereji mmoja na mabonde mawili, na bonde litakaloonyesha kumbukumbu za mvua ndilo litakaloupata. Ila walizitaka ndani ya diski, kwa kompyuta, kabla ya mwezi kuisha. Bonde lile bila mfereji lilikuwa limekwisha. Vijana walishaanza kuuza mashamba. Mwanaheri akateremka hadi Lushoto mjini, kwa Mussa fundi wa redio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka kompyuta ya mkononi, kuukuu, ya bei ya mtu kama mimi. Ya kuandika namba tu."

"Namba tu kweli?" Mussa akainama chini ya meza, akaitoa moja nyeusi, nzito, ya mtumba wa Dubai. "Basi hii imezaliwa kwa ajili yako. Herufi zote zimekufa, hata moja haiandiki. Namba ziko hai. Nimerudishiwa mara tatu, mama yangu, sikufichi."

"Waliirudisha kwa nini?"

"Walitaka herufi," akasema Mussa, akaangalia pembeni.

Nyumba yao ilikuwa na umeme, maana nguzo za shamba zilipita mlangoni. Mwanaheri akaandika siku tano mfululizo, kidole kimoja kimoja. Ikaenda vizuri mpaka akafika Machi ya sitini na tatu, kwenye siku ya Rashidi. *Sikupima.* Herufi hazipo. Angeacha pengo, lakini mtu wa mradi alisema kwa mdomo wake kwamba mapengo hawayataki. Akatazama siku ya nyuma, mvua. Siku ya mbele, mvua. Akaandika 7.4, akasonga mbele. Hiyo ilikuwa Alhamisi jioni. Ijumaa mnaijua.

Jumamosi, saa nne asubuhi, mvua ikanyesha juu ya bati la chumba cha mbele. Watu hudhani majini hupenda giza, huyu hakujali. Mwanaheri alitoka mbio kuanua maharage, akakuta jua, vumbi na kuku wanajitifua, na juu ya paa hakuna tone, na nyuma yake, ndani, mvua inazidi. Akarudi polepole. Kompyuta aliyoiacha imezimwa ilikuwa inawaka, na kwenye kioo cha mashine isiyo na herufi palikuwa na maneno mawili.

NIPE NYINGINE.

Akaichomoa kwenye umeme. Maneno yakabaki. Akaikumbuka siku nyingine aliyokuwa ameiacha wazi, ya bibi.

"Mama," akanong'ona mlangoni, "bibi mzaa baba alizikwa wapi?"

"Nani?" Bi Mwajuma naye akashusha sauti bila kujua kwa nini. "Baba yako alikuwa na mama?"

Mwanaheri akarudi kwenye mashine, akapekua mwaka wa hamsini na tisa. Siku ya kumzika bibi, ambayo yeye aliiruka makusudi ili aifikirie baadaye, ilikuwa imejazwa. Sifuri nukta sifuri.

Majirani wakamwita mghosi Ibrahimu, mzee mganga anayesifiwa kutoka Gare hadi Vuga. Alikuja na ubani na maneno mengi, akakaa na ile mashine kidogo tu, akatoka akijipangusa jasho.

"Ni jini wa siku," akasema kwa sauti ya chini. "Anakula siku za watu. Ukimpa siku ya uongo, ile ya kweli iliyokuwamo anaimeza, na mtu wake anatoweka hata vichwani mwenu. Wewe mwenyewe umemfungulia mlango, dada yangu."

"Nimfunge vipi?"

"Hafungwi. Ana njaa. Mpe moja tu, kwa ridhaa yako, atatulia. Chagua ya mtu wa mbali."

"Wa mbali na nani?" Mwanaheri akauliza.

Mganga akaanza kuchochea chetezo chake.

"Nakuuliza, mghosi! Wa mbali na nani? Hata moja simpi. Na wewe chukua ubani wako, njia unaijua."

Maneno makubwa, ndiyo. Lakini alipobaki peke yake alijaribu kuukumbuka uso wa kaka yake, yule aliyembeba mgongoni kwenda kuiba pichi za jirani, akaupata mgongo, akazipata pichi, uso hakuupata. Hapo ndipo woga ulipogeuka hasira. Aibiwe mvua, aibiwe mfereji, sawa. Lakini kaka yake?

Akaketi mbele ya mashine, akaifuta ile 7.4. Ikarudi. Akaifuta tena, ikarudi, na harufu ya mvua ikabadilika ikawa ya udongo wa chini, ule mweusi unaotolewa kwa jembe siku ya mazishi, na bati likaanza kunguruma kana kwamba masika yote aliyoyapima baba yake yameshuka kwa pamoja juu ya chumba kimoja, na kwenye kioo miaka ikawa inakimbia yenyewe kwenda mbele, sitini na tano, sabini, themanini na mbili, ikielekea daftari la nane, kwenye siku aliyoiandika yeye kwa mkono wake, *Sikupima, tumemzika baba*, na kutoka chumba cha pili akamsikia mama yake akiuliza kwa sauti ya mtoto, "Mwanaheri, nyumba hii aliijenga nani?"

"Aliijenga Bakari!" akapiga kelele. "Bakari mumeo!"

Akalivuta daftari la kwanza, akaanza kusoma. Mashine haina herufi? Yeye koo analo. Alisoma kila siku ambayo haikupimwa, na tarehe yake, na maiti yake. Mvua ikapanda juu ya sauti yake, naye akapanda juu ya mvua. "Sikupima! Nimemzika mama!" Sifuri zikafutika, pakabaki peupe. "Unataka siku? Hizi zina wenyewe, mwanaharamu wee, hizi zina wenyewe! Sikupima! Nimemzika mwanangu Rashidi!"

Chumba cha pili Bi Mwajuma akapiga ukelele.

Haukuwa ukelele wa kikongwe. Ulikuwa wa mama kijana aliyeambiwa sasa hivi, mlangoni, kwamba mwanawe ameaga. Alilia "Rashidi, Rashidi wangu," akijitupa, na Mwanaheri alitaka kwenda kumshika, akajua akiacha kusoma imekwisha. Akasoma huku analia, mpaka daftari la nane, mpaka baba. Aliposema "tumemzika baba" bati likanyamaza. Mashine ikapasuka kioo, ikatapika maji machafu juu ya meza, ikafa.

Alimkumbatia mama yake mpaka kwikwi zikaisha. Kisha, kwa kuwa ni mtoto wa Bakari, akayakinga yale maji kwenye bilauri ya kupimia. Akasoma mara mbili, akaandika katika daftari: *7.4. Haikutoka mbinguni.*

Mwezi ulipoisha aliingia ofisi ya mradi na madaftari manane ndani ya kanga.

"Diski sina," akasema. "Mvua ninayo."

Yule bwana akafunua kurasa kwa muda mrefu. "Mbona kuna siku hazina namba?"

"Hapo tulikuwa tunazika."

Bwana akavuta karatasi, akaanza kunakili kwa mkono. Mfereji ulichimbwa mwaka uliofuata, ukapita kwao, na mpaka leo unapita.

Lakini hilo lilikuwa la mwakani. Ijumaa iliyofuata baada ya mashine kufa, Bi Mwajuma aliketi kwenye mkeka wake, macho yamemvimba, akawataja marehemu wake wote mmoja mmoja, bila haraka. Rashidi alimtaja mara mbili, moja ikiwa ya Ijumaa ile aliyomruka.